Kirikuu ikilala nyuma, usikimbilie kuongeza springi



Leo naongea na wenye kirikuu na pikapu ndogo, wale tunaobeba mpunga, mawese, ndizi na usipa. Kila msimu wa mavuno ukikaribia, swali ni lile lile: "Gari yangu inalala sana nyuma nikipakia, nifanyeje kwa hela kidogo?" Na jibu la vijiweni ni lile lile pia: nenda kaongeze springi, chuma viwili kila upande, umemaliza.

Mimi nasema hapana. Nimeshalipa ada ya hilo somo, kwa hiyo nivumilieni niwaeleze.

Niko Ngana, Kyela. Kazi yangu ni kukusanya mpunga kwa wakulima na kuupeleka mashine za kukoboa, na mpunga ukiisha nageukia mawese na biashara nyingine. Kirikuu yangu ni Suzuki Carry ya mtumba kama zenu. Mwaka juzi nilikopa laki nne kwenye kikoba chetu. Sikuwa na shida ya mtaji, nilikopa kwa ajili ya gari. Lilikuwa likibeba magunia nane linakaa kama kuku anayeatamia, mkia chini pua juu, na watu njiani wananicheka. Nikaenda kwa fundi, akaniongezea vyuma viwili vya springi kila upande, vya mtumba. Vyuma vyote vinne 160,000, yubolti 40,000, ufundi 50,000. Laki mbili na nusu hiyo. Iliyobaki nikanunulia mpunga.

Gari likasimama. Nikipakia magunia nane, halishuki. Kumi, halishuki. Siku ya tatu nikapakia kumi na nne, bado linaonekana kama liko tupu. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia mke wangu, "Sasa tumenunua gari jipya kwa laki mbili na nusu."

Hapo ndipo kosa lilipo, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Nilichonunua hakikuwa nguvu. Nilinunua ukimya. Gari lilikuwa linaniambia "umenizidishia" kwa kukaa chini, na mimi nikalipa hela likanyamaza. Uzito wenyewe haukwenda popote.

Wiki mbili baadaye, mwezi wa sita, tunatoka Ngana kuja Kasumulu na magunia kumi na nne. Mpwa wangu, ambaye ndiye utingo wangu, alikuwa amekaa juu ya mzigo. (Najua, najua. Wote tunafanya hivyo na wote tunajua si sawa.) Kwenye kona moja yenye korongo la mvua, tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Si kwamba ilipungua upepo, ilipasuka kama baruti. Gari likainamia upande ule, mzigo ukahamia huko huko, tukalala ubavu. Dogo akarushwa, akavunjika mfupa wa bega. Magunia matano yakaingia kwenye mfereji wenye maji. Mpunga ule haukuwa wangu, ulikuwa wa mama mmoja mjane aliyekuwa anasubiri hela ya ada ya watoto.

Nililipa mpunga, nikalipa matibabu, nikanyoosha bodi, nikanunua tairi. Sikupiga hesabu yote mpaka mwisho kwa sababu ilikuwa inaniumiza, ila ilipita laki sita. Na mkopo wa kikoba bado ulikuwa unanisubiri. Dada yangu, mama wa yule kijana, hakunigombeza hata neno moja. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Sasa tuje kwenye kilichotokea, maana hapa ndipo penye faida kwako.

Nilipopeleka gari mjini Kyela, fundi wa tairi mmoja, mzee wa maneno machache, akanishika mkono akanionyesha ubavu wa tairi iliyobaki. "Soma hapa." Baada ya saizi ya tairi kulikuwa na namba 69. Akaniuliza kama najua maana yake, nikasema sijui. Akasema: tairi yenye 69 inabeba kilo 325, basi. Mbili za nyuma ni kilo 650. Halafu akanionyesha tairi zinazotakiwa kirikuu, zimeandikwa 145R12 6PR, na nyingine zina namba 80/78. Hiyo 80 ni kilo 450 kwa tairi moja, kwa hiyo mbili za nyuma ni kilo 900. Zangu zilikuwa tairi za gari dogo la abiria, mtumba, nilizonunua kwa sababu ni za bei ya chini na zinaingia kwenye ringi.

Piga hesabu na mimi. Gunia la mpunga kwetu huku lina kilo themanini hivi, na lumbesa inapita hapo. Magunia kumi na nne ni kilo 1,120. Sehemu kubwa ya mzigo wa kirikuu inakalia ekseli ya nyuma, na ekseli ile tayari imebeba uzito wa gari lenyewe, tuseme kilo mia tatu. Hata ukipiga kwa kupunguza, nyuma ilikuwa na zaidi ya kilo elfu moja. Tairi zangu zilikuwa za kilo 650. Sasa niambie, springi ngumu zingeisaidiaje ile tairi?

Springi inabeba bodi. Haiibebei tairi mzigo, wala beringi, wala ekseli, wala breki, wala chasisi. Hivyo vyote vilitoka kiwandani kwa hesabu moja, na wewe umebadilisha kimoja tu, tena kile kilichokuwa kinakupa taarifa.

Hesabu ya kiwanda yenyewe ni ipi? Nenda nyuma ya kirikuu yako, kwenye mlango wa bodi. Kama haijapakwa rangi upya, mara nyingi utakuta maandishi ya Kijapani na namba 350 kg. Wengi tunadhani ni pambo. Ni uzito wa juu wa mzigo. Japani magari haya yana sheria yake: injini isizidi sisi 660, upana usizidi mita 1.48, mzigo usizidi kilo 350. Mjapani alilitengeneza limpelekee mkulima miche na mboga sokoni kwenye lami. Sisi tukalileta Kyela tukalipa lumbesa.

Kuna watu wataniambia, "Mbona nimebeba tani moja miaka minne na sijapata kitu?" Sawa. Na mimi nilibeba miezi kumi na minane bila kitu. Na wala usitegemee mizani ikuamulie, maana sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inahusu magari ya kuanzia tani 3.5 na kuendelea. Kirikuu inapita pembeni, hakuna anayeipima. Anayekupima ni springi yako, basi, na wewe ndiye unayetaka kumziba mdomo.

Tuseme basi gari lako linalala hata kwa mzigo wa kawaida. Magunia manne tu, na tayari nyuma iko chini. Hilo ni tatizo la kweli na linatengenezeka. Ila anza na kuangalia kilichochoka kabla hujaongeza kipya.

Ingia chini ya gari, au mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako, usikubali kusimuliwa. Angalia bushi, zile raba kwenye ncha za springi. Zikiliwa, springi inacheza, gari linayumba nyuma kama samaki, na wewe unadhani springi imekufa. Angalia raba za juu ya ekseli zinazozuia chuma kisigonge chasisi. Nyingi hazipo kabisa, zilidondoka zamani huko. Angalia kama kuna chuma cha springi kilichopasuka. Ufa mara nyingi unajificha karibu na katikati, pale yubolti zinapobana. Na kwa sisi wa Kyela, angalia tope. Mvua ya huku mnaijua. Tope linaingia katikati ya vyuma, vinapata kutu, vinang'ang'aniana, springi inakuwa kama ubao, haina tena unyumbufu. Kufungua, kupiga brashi, kupaka grisi na kurudisha ni kazi ya nusu siku. Mimi niliweka bushi zote kwa 36,000 na zile raba za juu kwa 10,000, na gari likanyanyuka kiasi ambacho sikutegemea. Kama fundi angeniambia hivyo mwanzo ningemletea jogoo.

Shokapu ni habari nyingine. Watu wengi wanadhani shokapu ndiyo inayobeba mzigo, kwa hiyo gari likilala wanabadilisha shokapu. Hapana. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Jipime mwenyewe: kandamiza kona ya gari kwa nguvu zako zote, uachie. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likicheza mara mbili tatu, imekufa. Ukiona mafuta yamechuruzika kwenye bomba lake, usisubiri kupima. Shokapu iliyokufa ndiyo inayovunja mayai na kuponda nyanya za watu, na ndiyo inayofanya tairi iruke hewani ukikanyaga breki kwenye njia mbovu. Jozi ya nyuma nilipata kwa 90,000, za kati, si za bei kali.

Halafu tairi. Hapa ndipo nawaomba msiwe wabahili, ingawa najua ndipo panapouma. Tairi mbili za 6PR za nyuma zilinigharimu 190,000. Jumlisha: 46,000 za raba, 90,000 za shokapu, 190,000 za tairi, na 40,000 za ufundi. Ni 366,000. Yaani mkopo wangu ule ule wa laki nne ungetosha, na ungebaki na hela ya soda. Tena si lazima ufanye siku moja. Raba mwezi huu, shokapu mwezi ujao, tairi ukishauza. Tofauti na springi za kuongeza, haya hata ukiyafanya nusu hayakudanganyi.

Je, usiongeze springi kabisa? Sikatai moja kwa moja, nisije nikaitwa mkaidi. Mafundi waliponitoa kwenye ajali niliondoa chuma kimoja kila upande nikaacha kimoja, kwa sababu njia zetu ni mbaya na chuma kimoja kinasaidia gari lisigonge. Ukiamua hivyo, chuma kiwe kifupi, kiwe na upana ule ule, na kipinde chake kilingane na vile vya zamani. Ukiweka kilichonyooka chini ya vilivyopinda, kitavunjika kimoja au kitavunja mwenzake. Yubolti ziwe mpya na ndefu za kutosha. Yubolti iliyokwisha kuvutika hairudi. Ukishatembea kilomita mia tano hivi, rudi zikazwe upya. Senta bolti iwe mpya pia. Ni kitu kidogo cha bei ya chipsi, lakini ikikatika ekseli inahama, na hapo usukani unaushika wewe ila gari linakwenda linakotaka. Usikubali springi ichomelewe, hata kama fundi ni shemeji yako. Wala usikubali ikunjwe kwa moto, maana kile chuma nguvu yake iko kwenye jinsi kilivyopikwa kiwandani, ukikipiga moto kinakuwa chuma cha kawaida cha dirisha.

Na ujue gharama yake. Ukiwa tupu, gari gumu linaruka, tairi za nyuma hazikamati vizuri ukifunga breki kwenye tope. Ukinyanyua nyuma kupita kiasi, propela inabadilisha pembe, krosi zinalia mapema. Mwenye Hilux ajihadhari zaidi: nyingi zina kifaa karibu na ekseli ya nyuma kinachopima nyuma imeshuka kiasi gani ili kijue kipeleke breki kiasi gani. Ukifunga springi ngumu, kile kifaa kinadhani gari liko tupu, kinapunguza breki za nyuma, wakati wewe una tani moja mgongoni. Sasa fikiria unashuka kutoka Tukuyu, iliyo juu ya mita 1,500, kuja huku ziwani kwenye mita 475, na viazi nyuma. Breki zikichemka kwenye ule mteremko, hakuna springi itakayokuokoa.

Najua kinachobaki kichwani mwako: "Sawa ndugu, lakini nikibeba kidogo nakula nini?" Swali zuri, na nisingeandika haya bila kuligusa.

Nauli ya gunia kwangu ilikuwa 2,500 mpaka mashineni. Mafuta ya kwenda na kurudi kama 9,000. Magunia kumi na nne kwa tripu moja: 35,000, toa mafuta, 26,000. Magunia yale yale kwa tripu mbili za saba saba: 35,000, toa mafuta mara mbili, 17,000. Kwa hiyo kuzidisha kulikuwa kunanipa 9,000 kwa siku. Siku ishirini, laki moja na themanini. Ni hela, sikatai. Ajali moja ilichukua zaidi ya mara tatu ya hiyo, na bega la mtoto wa watu.

Lakini tuwe wakweli zaidi. Hata magunia saba ni kilo 560, bado umepita 350. Ukifuata namba ya Mjapani ni magunia manne. Manne ni 10,000, toa mafuta 9,000, unabaki na buku moja. Maana'ke nini? Maana'ke kirikuu kwa mpunga wa nauli ya 2,500 si biashara. Haikuwa biashara tangu mwanzo. Tulikuwa tunalipwa na bahati, na springi za kuongeza zilikuwa zinatusaidia tusione.

Mimi nilichofanya: mpunga sasa tunakusanya sehemu moja na wenzangu wawili, tunakodi Canter, tunagawana gharama. Kirikuu yangu nimeiachia mizigo yenye hela nyingi kwa kilo chache. Usipa mkavu. Mawese, madumu 17 ya lita ishirini, yanaingia kwenye kilo 350 bila kusumbua. Nayanunua mwenyewe na kuyapandisha Tukuyu. Dumu moja likinipa faida ya 4,000, madumu 17 ni 68,000, toa mafuta ya mlima kama 28,000, ninabaki na 40,000, na gari halijalala. Siku mbaya ninabaki na nusu yake. Lakini mizigo ile haijawahi kunilaza mtaroni.

Yule mama mjane bado ananipa mpunga wake. Mwaka huu alisimama pembeni ya Canter akahesabu magunia yake mwenyewe, mara mbili, kabla hatujaondoka. Sikumlaumu. Mpwa wangu amepona, ila bega lile halinyanyui gunia tena, kwa hiyo nimemfundisha kazi ya kupima na kuandika. Kabla ya kila safari anakwenda nyuma ya kirikuu, anainama, anaangalia nafasi kati ya raba na ekseli. Ikiwa ndogo kuliko vidole vyake vinne, anaanza kushusha mzigo bila kuniuliza.